Mlinzi wa Farasi Mwitu ni Mwenye Daftari

Tukisikia habari za raia wanaojitolea kuwalinda farasi mwitu wa Marekani, wengi wetu huwaza watu wenye mabango wakiziba njia ili lori la machinjioni lisipite. Watu wa namna hiyo walikuwepo kweli. Velma Johnston, katibu muhtasi wa Nevada aliyebandikwa kwa kejeli jina la Annie wa Farasi Mwitu, alianza vita vyake mwaka 1950 baada ya kuona damu ikichuruzika kutoka kwenye lori lililosheheni farasi. Mwaka 1959 sheria ikapiga marufuku kuwawinda kwa magari na ndege katika ardhi ya umma, na Desemba 1971, watoto wa shule wakiwa wamelimiminia Bunge barua, Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya kuwalinda. Mwindaji akaondoka, na mahali pake pakabaki swali ambalo bango haliwezi kulijibu: farasi wakizidi kuzaana nyikani, watakula nini? Kwa maoni yangu, tangu siku hiyo mlinzi wa kweli ni yule mwenye daftari, anayemtambua kila farasi kwa baka la usoni, na anayekubali kushika bunduki ili watoto wachache zaidi wazaliwe.

Hesabu zenyewe hazina huruma. Kundi lisiloguswa huongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka, yaani hukaribia kuwa maradufu kila baada ya miaka minne au mitano. Mwaka 2020 idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma ilisema malisho yake yanatosha farasi na punda wapatao 27,000. Machi mwaka huo walikadiriwa kufikia 95,000. Jibu la serikali kwa miaka mingi limekuwa helikopta: farasi husukumwa hadi mazizini, wachache hupata watu wa kuwachukua, waliobaki hulishwa kwa kodi za wananchi hadi wafe. Zaidi ya 60,000 wanaishi hivyo, na mwaka 2023 ulaji na matunzo yao viligharimu zaidi ya dola milioni 100. Fedha ambazo zingezuia mimba zinaliwa na nyasi kavu za mazizini, na mwaka unaofuata helikopta inarudi palepale.

Njia nyingine ipo, nayo inaitwa PZP. Ni chanjo itokanayo na utando wa mayai ya nguruwe jike. Ikimwingia farasi, mwili wake hutengeneza kinga inayojibandika kwenye utando wa mayai yake mwenyewe, na mbegu ya dume hukosa pa kupenya. Mimba iliyokwisha kutunga haidhuriki. Shida ni utendaji: mpigaji lazima amsogelee farasi hadi mita zisizozidi 50 hivi, amlenge pajani kwa bunduki ya kishale chenye dawa, arudie dozi ya pili, kisha kila mwaka amtafute jike yuleyule, asimchanganye na dada yake mwenye rangi ileile. Mtumishi wa ofisi aliyehamishiwa huko mwaka jana atamjuaje? Wanaomjua ni watu wa jirani. Katika magenge ya Little Book Cliffs, Colorado, chama cha wenyeji kiitwacho Friends of the Mustangs kinashika kumbukumbu za farasi na kushiriki kazi ya vishale. Huko Virginia Range, Nevada, ambako farasi wapatao 3,000 si wa serikali kuu bali wa jimbo, wanaojitolea wamekuwa wakiwachanja tangu 2019. Kenya ina jambo linalofanana na hilo, ingawa si la kuzuia uzazi: tangu 2016 raia wamekuwa wakikusanyika kumpiga picha punda milia wa Grevy ubavu wake wa kulia, maana michirizi ya kila mmoja ni ya peke yake. Mwaka 2018 hesabu yao ilifikia 2,812. Hayo ni mapenzi yenye takwimu.

Kuna wanaouliza kama farasi anayepangiwa uzazi bado ni mwitu. Swali lina uzito. Katika kisiwa cha Shackleford, North Carolina, watafiti waligundua kwamba majike waliochanjwa huhama makundi mara nyingi zaidi, kwa hiyo dawa hii inagusa maisha yao. Lakini mbadala wake si uhuru mtupu. Mbadala ni helikopta, uzio, na jike aliyetenganishwa milele na kundi lake. Katika kisiwa cha Assateague, majaribio ya PZP yalianza mwaka 1988, na kundi la upande wa Maryland likapunguzwa kufikia lengo la mamlaka za hifadhi, yaani kati ya farasi 80 na 100, bila msako wa helikopta. Majike waliochanjwa wakaishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao wa zamani, kwa kuwa hawakuchoshwa na kunyonyesha kila mwaka.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: farasi hawa si wanyama wa asili, basi waondolewe wote. Jamii ya farasi ilitokea Amerika Kaskazini, ikatoweka huko miaka 10,000 hivi iliyopita, ikarudishwa na Wahispania katika karne ya 16. Mwenyeji hapa si rahisi kumtaja. Uharibifu, hata hivyo, ni wa kweli. Wakizidi, hukanyaga chemchemi na kuwafukuza swala wa huko kwenye maji. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwakuta farasi na punda wa jangwani wakichimba visima kwa kwato, navyo vikanywesha ndege na wanyama wengine wengi. Mnyama yuleyule huwa mchimba kisima au mharibifu kutegemea idadi, na anayelinda idadi huwalinda pia majirani zake.

Sidai kwamba vishale vya wanaojitolea vitatosha kila mahali. Zaidi ya nusu ya farasi wa serikali kuu wako Nevada, katika nyika ambamo kumwona farasi kwa darubini tayari ni bahati, na huko serikali haina budi kubeba mzigo wake. Lakini pale watu wanapoishi karibu na farasi, adui mkubwa zaidi anaweza kuwa mpenzi asiye na daftari. Huko Corolla, North Carolina, mwaka 2020 farasi mchanga wa mwaka mmoja alikabwa na tufaha akafa. Sheria ya wilaya hiyo inamtaka kila mtu akae umbali wa futi 50, mita 15 hivi, na asimlishe farasi chochote. Ukifika huko, tufaha lako libaki mkobani.