Lugha ya Kuonea Ugeni: Shajara ya Hu Shi, Mwanafunzi wa Kichina nchini Marekani, 1910–1917

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna Hu Shi, mwanafunzi wa Kichina aliyesoma Marekani kati ya 1910 na 1917, alivyoiona jamii ya ugenini na namna alivyoiandika. Inadai kwamba mjadala wa lugha ya fasihi uliozuka miongoni mwa wanafunzi wa Kichina nchini humo ulikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku, na kwamba shajara ya Hu Shi haieleweki barabara pasipo kuuzingatia.

Utangulizi

Maandishi ya msafiri kwa kawaida husomwa kama mkusanyiko wa vioja: vyakula, baridi, mavazi, wanawake wasiojitanda, magari yaendayo bila farasi. Wasomaji wa Kiswahili wameuzoea utanzu huu tangu Safari za Wasuaheli, kazi iliyohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Usomaji wa namna hiyo una raha yake. Hata hivyo, unaliacha kando swali ambalo mwanaisimu hana budi kuliuliza: msafiri anaandika kwa lugha ipi, na lugha hiyo inamwezesha kusema nini juu ya alichokiona? Kwa Hu Shi swali hili lilikuwa zito kuliko kwa wengi, kwa kuwa lugha aliyofundishwa kuandikia haikuwa lugha aliyoizungumza yeye wala mtu mwingine yeyote aliye hai.

Matufaha yasiyo na majina

Hu Shi alizaliwa mwaka 1891. Aliondoka China mwezi Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 18, miongoni mwa wanafunzi 70 waliofaulu mtihani wa ufadhili. Fedha za ufadhili huo zilitokana na fidia iliyotozwa China baada ya uasi wa Mabondia wa 1900, ambayo Marekani ilikubali kurejesha sehemu yake. Katika kundi hilohilo alikuwamo Zhao Yuanren, ambaye wanaisimu wanamfahamu zaidi kwa kazi zake kuhusu toni na sarufi ya Kichina cha mazungumzo. Wote wawili walipelekwa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York.

Hu Shi alianza na kilimo. Taifa lilihitaji wataalamu wa mambo ya vitendo, na kilimo kilionekana kuwa jibu. Kilichomtoa huko, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, ni somo la matunda. Wanafunzi waliwekewa matufaha ya aina nyingi na kutakiwa kuyabainisha kwa kufuata kitabu cha uainishaji. Wamarekani waliolelewa mashambani waliyatambua kwa kuyatazama tu, maana walikuwa na majina yake ya mtaani tangu utotoni. Kutoka jina la mtaani hadi lile la kitaalamu ilikuwa hatua moja. Mchina hakuwa na jina la kuanzia. Ilimpasa kupima kikonyo, kukata tunda, kutazama mbegu na kupanda ngazi ya maswali moja baada ya jingine, kisha akakosea. Zaidi ya hayo, aina nyingi kati ya hizo hazikuwapo kwao. Akajiuliza ujuzi huo ungemfaa nani nyumbani. Mwaka 1912 akahamia fasihi na falsafa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Kwa mtazamo wa makala hii kina uzito kuliko hivyo. Mgeni alikuwa na akili na bidii sawa na wenzake, ila alikosa msamiati wa nyumbani, ule unaopatikana kabla ya shule. Katika mjadala wa lugha wa miaka iliyofuata, Hu Shi atadai kwamba ni msamiati huohuo wa nyumbani ambao mwanafunzi wa Kichina hunyang'anywa anaposhika kalamu katika nchi yake mwenyewe.

Ndoa, mama na maandamano

Mambo aliyoyaona Hu Shi ni mengi, na si yote yanayostahili nafasi sawa. Alihudhuria mkutano wa wanafunzi wa Kikristo kule Pennsylvania mwaka 1911, moyo ukamlainika akatangaza kwamba ataingia dini hiyo, kisha akaachana na uamuzi huo. Alivaa beji ya Theodore Roosevelt katika uchaguzi wa 1912 ingawa hakuwa na kura. Aliongoza klabu ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali pale Cornell, na mwaka 1915, Japani ilipoipa China Madai Ishirini na Moja, aliwaandikia wenzake barua ya wazi akiwasihi warudi kwenye masomo badala ya kupiga kelele za vita. Wenzake walimrushia maneno makali.

Suala lililomgusa kwa ndani ni la ndoa. Mama yake alikuwa amemposea binti aitwaye Jiang Dongxiu tangu 1904, na wachumba hao hawakuwa wamewahi kuonana. Marekani alikuta vijana wanaochaguana wenyewe. Mwaka 1914 alitoa mhadhara kwa Kiingereza, baadaye ukachapishwa, akiitetea desturi ya Kichina: kwamba kule mapenzi hutangulia ndoa, ilhali China ndoa hutangulia, na mapenzi huoteshwa na wajibu ambao mume na mke wanao kila mmoja kwa mwenzake. Ingekuwa rahisi kudai kwamba alisema hivyo kwa kuwa alikuwa mbele ya wageni, na kwamba kwa Kichina, faraghani, aliwaza vingine. Shajara hairuhusu tafsiri hiyo. Katika mwaka huohuo iliandika, kwa Kichina, utetezi unaofanana na huo.

Kilichobadilika ni wakati pamoja na watu aliokutana nao, wala si hadhira tu. Urafiki wake na Edith Clifford Williams, msanii na binti wa profesa wa jiolojia pale Cornell, ulimkutanisha na mwanamke aliyesoma, aliyefikiri kwa uhuru na asiyejali macho ya watu. Oktoba 1915, akiwa tayari amehamia Chuo Kikuu cha Columbia, alishuhudia maandamano ya wanawake wa New York waliodai haki ya kupiga kura, na akamwona mwalimu wake, John Dewey, akiwaunga mkono hadharani. Mwezi huohuo aliandika kwamba zamani aliona lengo la kumsomesha mwanamke ni kupata mke mwema na mama bora, na kwamba sasa analiona kuwa ni kumpata mwanamke huru anayejitegemea. Barua zake kwa mchumba wake zilimhimiza ajifunze kusoma na aache kufunga miguu. Desemba 1917 alirudi kijijini akamwoa. Rai yake ilikuwa imebadilika, lakini ahadi ya mama yake aliitimiza. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa woga. Tathmini hiyo inasahau kwamba mama huyo alifiwa na mumewe Hu Shi akiwa bado mtoto mdogo, na alimlea kwa shida.

Kuna jambo moja ambalo picha hii ya Marekani inalipunguza mno. Tangu 1882 sheria ya nchi hiyo ilizuia vibarua wa Kichina kuingia, huku wanafunzi wakiruhusiwa. Hu Shi aliingia kwa mlango wa wanafunzi, akakaribishwa mezani na familia za maprofesa, na Marekani aliyoiandika ni ile ya mji wa chuo.

Vikaratasi ndani ya hundi

Chanzo cha mjadala wa lugha kilikuwa kidogo na cha ajabu. Karani mmoja wa ubalozi wa China mjini Washington, aliyewapelekea wanafunzi hundi zao kila mwezi, alikuwa na mazoea ya kutia ndani ya bahasha vikaratasi vya mawaidha: usioe kabla ya miaka 25, panda miti, zifute herufi za Kichina utumie alfabeti. Hu Shi alikasirika akamjibu kwamba asiyekijua Kichina vyema hana haki ya kukisemea. Kisha akaona haya. Ikiwa wasiojua hawana haki ya kusema, basi wanaojua wana wajibu wa kusema. Kiangazi cha 1915 yeye na Zhao Yuanren waligawana mada mbele ya wanafunzi wenzao: Zhao azungumzie uwezekano wa kutumia alfabeti, Hu Shi azungumzie jinsi ya kurahisisha ufundishaji wa Kichina. Hapo ndipo alipotamka kwamba wenyan, lugha ya kale ya maandishi, ni lugha iliyokufa nusu, na kwamba baihua, lugha ya mazungumzo, ndiyo iliyo hai.

Septemba ya mwaka huo alimwandikia rafiki yake Mei Guangdi, aliyekuwa akienda Harvard, shairi refu la kumuaga lenye maneno 11 ya kigeni yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina, yakiwamo majina ya Newton na Edison. Ren Hongjun aliyaokota maneno hayohayo akamtungia shairi la kumdhihaki. Julai 1916 Ren na wenzake walikuwa mashuani katika ziwa Cayuga, mvua ikawakuta, chombo kikataka kupinduka. Ren alikisimulia kisa hicho katika shairi la mtindo wa kale na kumpelekea Hu Shi, aliyekuwa New York. Hu Shi hakuvutiwa. Aliona kwamba baadhi ya maneno yalikuwa yamekufa, na kwamba maelezo ya tufani yalikuwa ya bahari ya vitabuni, si ya ziwa lile na mashua ile. Mei aliingilia kati kwa hasira: lugha ya sokoni haiwezi kuwa lugha ya ushairi. Ren alikuwa mpole zaidi. Kwake baihua ilifaa kwa riwaya na tamthilia, lakini si kwa shairi.

Hoja hii itawakumbusha wasomaji wengi malumbano yaliyofuata Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1974. Ulinganisho huo hutajwa kwa urahisi kupita kiasi. Waliopinga mashairi huru katika Kiswahili walitetea vina na mizani. Hawakudai kwamba mshairi aandike kwa lugha isiyosemwa na mtu. Utenzi na shairi la kimapokeo, hata pale linapobeba msamiati wa kale au wa lahaja, husikika na kueleweka linapoimbwa. Wenyan isomwapo kwa sauti mara nyingi haieleweki kwa sikio, kwa sababu maneno yake mengi ni ya silabi moja na yanalingana kimatamshi. Mgogoro wa Kichina ulihusu diglosia; wa Kiswahili ulihusu umbo. Kinachofanana ni imani kwamba ushairi ndio ngome ya mwisho, na kwamba mabadiliko yakikubaliwa kwingine kote, hapo hayana ruhusa.

Hu Shi aliamua kutoandika tena mashairi kwa wenyan hadi majaribio yake yamhakikishie kama baihua inafaa au haifai. Januari 1917 jarida la Xin Qingnian, yaani Vijana Wapya, lilichapisha makala yake yenye mapendekezo manane ya kurekebisha fasihi. Katikati ya mwaka huo, akiwa ndani ya treni akivuka Kanada kurudi kwao, alisoma kitabu cha Edith Sichel kuhusu Mwamko wa Ulaya, na akaandika kwa kirefu jinsi Kitaliano, Kifaransa na Kiingereza zilivyoiondoa Kilatini vitabuni. Mashairi yake ya majaribio yalitoka kama kitabu mwaka 1920. Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya China iliagiza baihua itumike katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi.

Shajara yenyewe, iliyochapishwa Shanghai mwaka 1939, kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa wenyan nyepesi iliyochanganywa na Kiingereza na vipande vya magazeti vilivyobandikwa. Mtu aliyeipigania lugha hai aliendelea kuyaandika maisha yake ya Marekani kwa lugha aliyoihukumu. Anayetaka kuyasikia maisha ya mwanafunzi huko ugenini kwa baihua ya wakati uleule hana budi kumwendea Chen Hengzhe, aliyesoma chuo cha wanawake cha Vassar na ambaye baadaye aliolewa na Ren Hongjun yuleyule mpinzani mpole. Hadithi yake fupi "Siku Moja" ilitoka mwaka 1917 katika jarida la wanafunzi wa Kichina waliokuwa Marekani, mwaka mmoja kabla ya hadithi ya Lu Xun inayotajwa kwa kawaida kuwa ya kwanza. Haina kisa kikubwa. Wasichana wanaamka, wanakimbilia darasani, wanakula, na wanamuuliza mwenzao wa Kichina maswali juu ya nchi yake. Karibu yote ni mazungumzo.