Kufungua Injini ya Dizeli kwa Kompyuta: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Barabara inayotoka Tarime mjini, ikapita Nyamwaga na Nyamongo, ikavuka Mto Mara na kupandisha hadi Mugumu, haina huruma na injini. Ni milima, vumbi na makorongo. Fuso limejaa mahindi ya kupeleka Sirari, Prado ina abiria na mizigo juu, na Land Cruiser zilizorefushwa zinawahi watalii geti la Ikoma. Dereva anayepanda milima hiyo kwa gia ya pili huku magari yamepanga foleni nyuma yake hawezi kulaumiwa akitamani nguvu zaidi.

Ndipo anapokuja fundi na laptopu. Anachomeka waya chini ya dashibodi, anasubiri kidogo, anasema gari limefunguliwa. Wengine huita kuchipu, wengine kurimapu. Kazi yenyewe ipo na ina maana yake. Tatizo ni maneno yanayoizunguka, kwa sababu mengi yake yanauza kazi na kuficha gharama.

“Land Cruiser yoyote ya dizeli inaongezwa nguvu kwa kompyuta.”

Si kweli, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela bila sababu. Mkonga, yaani Land Cruiser za familia ya 70, nyingi zinazobeba watalii Serengeti zina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Toyota waliitoa mwaka 1990 na wakaendelea kuiuza Afrika kwa miaka mingi. Pampu yake inapima dizeli kwa vyuma na springi. Hakuna programu ya kubadilisha, kwa hiyo hakuna laptopu itakayoifanya kitu.

Kinachofanywa kwenye injini hiyo ni kukaza skrubu ya pampu ili imwage dizeli zaidi. Sasa tazama tulipo. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tarime na Mugumu ziko juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ukifika mita 1,500, gari lililokuwa zima Dar es Salaam limeshapungukiwa kama asilimia 15. Kinachokosekana ni hewa. Kumwaga dizeli zaidi mahali penye hewa pungufu kunaleta moshi mweusi, joto na bili kubwa ya mafuta.

Laptopu ina kazi kwenye injini zinazoongozwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari lenyewe: Prado na Hilux za 1KD na 1GD, Land Cruiser V8 ya dizeli, malori na mabasi ya miaka ya karibuni. Kabla ya kulipa, ujue kwanza injini yako ni ipi.

“Kiwanda kimefungia nguvu. Fundi anaifungulia tu.”

Nusu yake ni kweli. Kiwanda huacha akiba, na programu mpya huchota kwenye akiba hiyo kwa kuongeza dizeli, kuongeza presha ya turbo na kusogeza muda wa kuchoma. Lakini uliza akiba hiyo iliachwa kwa ajili ya nini. Iliachwa kwa ajili ya joto, vumbi, milima, mafuta mabaya na gari lililozidishiwa mzigo. Yaani iliachwa kwa ajili ya barabara ya Mugumu.

Mfano mzuri ni V8 ya Toyota, 1VD, lita 4.5. Kwenye Land Cruiser za familia ya 70 ilikuja na turbo moja na nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita 430. Kwenye Land Cruiser 200 injini ya jina hilohilo ilitoa 650. Ukiishia kwenye tarakimu hizo utadhani mkonga imenyimwa nguvu kwa makusudi. Ila ile ya 200 ilifungwa turbo mbili, na gari zima, kuanzia upoozaji hadi gia boksi, lilitengenezwa kubeba nguvu hiyo. Toyota hawakuifikisha hapo kwa faili la programu peke yake.

Kinachoua injini iliyofunguliwa kupita kiasi ni joto. Pistoni za magari haya ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Moto ndani ya silinda unazidi nyuzi 2,000. Pistoni inaokoka kwa sababu moto ule ni wa kufumba na kufumbua, na chini yake oili inarushwa muda wote kuipooza. Ongeza dizeli, halafu panda mlima mrefu na mzigo kwa dakika kumi mfululizo, na muda wa kupoa haupo tena. Huku juu turbo nayo inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili ipate presha ileile ambayo ingepatikana pwani. Faili lililoandikwa kwa gari la Ulaya linaloendeshwa karibu na usawa wa bahari linaiomba turbo yako kitu ambacho haikupangiwa. Injini ya 1KD tayari ina historia ya kupasuka pistoni na kuharibika nozeli ikiwa na programu ya kiwandani. Mwenye gari hilo awe mwangalifu maradufu.

Faida ya kweli ipo. Injini nzima, ongezeko la kiasi, faili lililoandikwa kwa gari hilo hilo: dereva anapata mvuto mapema, mizunguko ikiwa bado chini, na hapigi gia ovyo mlimani. Gari linalovuta tela au linalopanda na kushuka kila siku linanufaika. Klachi nayo inaihisi nguvu hiyo. Kama ilikuwa imeanza kuteleza, itamalizika.

“Utaokoa mafuta.”

Inawezekana, lakini usiamini dashibodi. Kipimo cha mafuta cha gari la kisasa kinakokotoa kutokana na dizeli ambayo kontroli boksi *inadhani* imemwagwa. Programu ikishabadilishwa, hesabu hiyo inaweza kukudanganya. Jaza tanki mpaka shingoni, endesha safari zako za kawaida, rudi kituo kilekile, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada yake. Dereva akipata nguvu mpya akaanza kukimbia, akiba yote imeishia kwenye mguu wake.

“Kiboksi cha kuchomeka hakina madhara kwa sababu kinachomoka.”

Si kweli. Kiboksi hicho kinakaa kati ya sensa ya presha ya dizeli na kontroli boksi, kikitoa taarifa kwamba presha iko chini kuliko ilivyo. Kompyuta inaongeza presha ikiamini inarekebisha upungufu. Mfumo ambao tayari unafanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 unasukumwa juu zaidi, na kompyuta iliyowekwa kuulinda haijui. Ukikichomoa, nozeli zilizokwisha kuumia hazirudi zilivyokuwa.

“Gari limeisha nguvu, dawa yake ni kompyuta.”

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu anaongeza mzigo juu ya ugonjwa. Anza na ea klina. Kwa vumbi la barabara zetu za changarawe, ichomoe uipige kwenye kiganja na uone kinachodondoka. Kama ndani ya bomba, upande wa pili wa ea klina, kuna unga mwekundu, vumbi limeshaanza kula turbo. Kagua mipira ya turbo na intakula kama imechanika, filta ya dizeli, maji kwenye dizeli, breki zinazong’ang’ania, na matairi makubwa kuliko ya kiwandani.

Kisha mafuta yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu na nozeli ipasavyo. Uchakachuaji ulisumbua nchi mpaka EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta, wakaanzisha vinasaba vya kutambua mafuta halali mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida yake. Dizeli ya madumu kando ya barabara haina wa kuisemea. Gari linalokunywa hiyo lisifunguliwe.

“Toa EGR na DPF, injini ipumue.”

EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na DPF huchuja masizi kwenye eksosi. Ukivitoa injini itapumua, na watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule watavuta kilichotoka. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na kama unadhani programu haiwezi kuleta madhara makubwa, kumbuka Volkswagen: Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliwashika kwa programu iliyosafisha moshi wakati wa kipimo tu. Magari yaliyohusika duniani yalifika kama milioni 11. DPF iliyoziba isafishwe, na sababu ya kuziba itafutwe.

“Gari la utalii linahitaji kasi.”

Si kweli. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na gari la kawaida zima linaufikia bila shida. Kwa mabasi ni hatari zaidi: kuna wanaoomba kizuia mwendo kiondolewe kwa laptopu hiyohiyo. Hapo tumeshatoka kwenye ufundi, tunaongelea roho za abiria na sheria ya nchi.

Anayeamua kuendelea, amuulize fundi mambo machache kabla bonet haijafunguliwa. Je, ataunganisha chaja kwenye betri wakati wa kuandika? Umeme wa betri ukishuka katikati, kontroli boksi inaweza kufa palepale. Je, atapima nozeli na presha ya turbo kwanza? Atafunga geji ya joto la eksosi na kulijaribu gari mlimani likiwa na mzigo? Je, bima yako inajua kuhusu mabadiliko hayo? La mwisho, akuonyeshe faili la awali la gari lako alilolihifadhi, na akupe nakala. Akisema hana, chukua ufunguo wako uondoke.