Askofu aliyekataa kazi ya shuruti

Ndugu msikilizaji, ukifika Mkunazini, mjini Unguja, utaonyeshwa kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na wengi wetu hudhani mambo yaliishia hapo. Juma hili nataka tumkumbuke Mwingereza mmoja aliyekuwa askofu wa kanisa hilo, na ambaye hakudhani hivyo.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma teolojia Oxford na kufaulu kwa daraja la kwanza. Mwaka 1898 alikuja Unguja na misheni ya UMCA, akafundisha Kiungani. Mwaka 1907 alitoa kitabu, The One Christ, juu ya Kristo kuwa Mungu na mtu. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar.

Wanahistoria humtaja zaidi kwa ugomvi wa 1913, alipowashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa kushiriki meza ya Bwana na madhehebu mengine kule Kikuyu. Mimi naona kubwa zaidi ni lile lililofuata.

Mwaka 1916, wakati wa vita, alikusanya wapagazi na kuwaongoza mwenyewe bara. Basi alijua mzigo ni nini. Mwaka 1919 Gavana Northey, katika nchi tuiitayo leo Kenya, aliagiza maofisa wahimize Waafrika, hata wanawake na watoto, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Himizo la bwana shauri, sote twajua, lilikuwa amri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walitaka shuruti hiyo iwekewe sheria na mipaka. Weston akakataa katakata: kumlazimisha mtu atajirishe mwingine ni dhambi, hata sheria ikiruhusu. Mwaka 1920 akachapisha kijitabu kiitwacho The Serfs of Great Britain.

Hakuwa peke yake katika kelele hizo. Mwaka 1921 Churchill, Waziri wa Makoloni, alizuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Hata hivyo kodi na kipande viliendelea kuwasukuma watu mashambani.

Mwaka 1923 aliwaambia Wakristo wenzake London kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita katika vibanda vya maskini. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Ukipita tena Mkunazini, msikilizaji, mkumbuke na huyu. Hadi juma lijalo, kwaheri.