Geuza Picha, Usome Mgongo

Picha ya zamani ina uso na mgongo. Ukiikuta kwa muuza vikorokoro, au chini ya kanga katika sanduku la bibi, macho hukimbilia usoni: suti iliyonyooshwa, saa iliyosogezwa mbele ili ionekane. Sisi tunaoshughulika na picha hizi huanza kwa kuzigeuza. Mhuri wa studio, tarehe, jina lililoandikwa kwa mkono: huo ndio ushahidi.

Ushahidi ukikosekana, hata picha nzuri huwa yatima. Mwaka 1991, maonyesho ya sanaa ya Afrika jijini New York yalitundika picha za studio kutoka Bamako, Mali. Watu walizistaajabia, lakini maelezo yalisema mpiga picha hajulikani. André Magnin, mtaalamu wa sanaa kutoka Ufaransa, alifunga safari kwenda kumtafuta. Wenyeji wakamfikisha kwa Seydou Keïta, mzee aliyekuwa hai na mwenye maelfu ya negativu alizozihifadhi. Kumbe ni New York tu ambako hakujulikana. Kwao alikuwa na jina.

Keïta alifungua studio mwaka 1948. Alipiga picha kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu, kwani filamu ilikuwa ghali. Aliweka suti, saa, kalamu na redio kwa asiyekuwa navyo. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake, lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alilibadilisha, na uzeeni aliweza kukadiria mwaka wa picha kwa kutazama pazia. Nawe jaribu hivyo: picha mbili zenye pazia moja huenda ni za studio moja, kipindi kimoja.

Angalia pia ukubwa. Wateja wa Keïta walipokea picha za kushikika mkononi, nyingi za sentimita 13 kwa 18. Zile kubwa zinazojaza ukuta wa jumba la sanaa zilisafishwa miongo kadhaa baadaye, kwa ajili ya soko. Sura ni ileile, ila kazi yake imebadilika: ya kwanza ilikuwa kumbukumbu ya jamaa, ya pili ni bidhaa ya sanaa.

Pwani yetu nayo ina hazina hii. Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Lakini mpiga picha akijulikana, bado aliyekaa mbele ya kamera anahitaji jina, na mara nyingi hilo halimo katika kumbukumbu za jumba lolote. Limo vichwani mwa wazee wetu.

Basi siku yoyote mtakayokutana kama familia, toa albamu, kaa na mama au shangazi, uliza. Andika jina, mahali na mwaka mgongoni mwa picha, taratibu, kwa penseli laini. Wino huvuja.