Flaiwili Iliyoganda: Kifaa Kidogo Kinachookoa Boti ya Mradi



Katika matoleo mengi tumezoea kuwaletea habari za visima, miche na madarasa. Safari hii tunapenda kuwashirikisha jambo la karakana. Huenda wengine watajiuliza, kamati ya usharika inahusikaje na spana na nati? Inahusika, kwa sababu boti ni mali ya usharika, na uamuzi wa kununua au kutonunua vifaa vya kuitengeneza hufanywa kwenye meza ya kamati, si ufukweni.

Naanza kwa kukiri. Miaka michache iliyopita boti yetu inayobeba wauguzi kwenda kwenye kliniki ya mama na mtoto visiwani ilikataa kuwaka. Plagi hazikutoa cheche. Vijana wetu waligundua vizuri kwamba tatizo liko kwenye koili iliyo chini ya flaiwili, lakini flaiwili ilikuwa imeganda na kifaa cha kuibandulia hatukuwa nacho. Wakaingiza nondo chini ya ukingo wake, wakanyanyua, wakagonga kwa nyundo. Siku ya pili flaiwili ilitoka, ila ukingo ulikuwa umepinda, sumaku moja imepasuka, na koili ya pili, iliyokuwa nzima, imevunjika. Kifaa hicho kilikuwa kwenye rasimu ya bajeti ya mwaka ule. Aliyekifuta ni mimi, nikiona kuwa "vifaa vya karakana" vinaweza kusubiri. Tulikodi boti ya wavuvi hadi vipuri vilipofika, na safari mbili za kliniki hazikufanyika kabisa.

FLAIWILI NI NINI?

Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwenye injini za boti zinazofungwa nyuma, kama zile za Yamaha tunazoziona sana Ziwa Victoria, gurudumu hilo liko juu kabisa, chini ya kasha la kamba ya kuwashia. Kwenye pikipiki za majini zinazotumiwa na watalii pwani, mara nyingi liko mbele ya injini chini ya mfuniko wake, lakini kanuni ya kulifunga na kulifungua inafanana.

Flaiwili ina kazi mbili. Kwanza, uzito wake huifanya injini izunguke kwa ulaini, isishtuke kila pistoni inaposukumwa. Pili, kwa ndani imebandikwa sumaku. Zinapozunguka na kupita karibu na koili, umeme huzalishwa na kupelekwa kwenye plagi. Ndiyo maana koili ikiharibika, au sili ya juu ya kranki ikianza kuvuja, hakuna njia ya kuifikia bila kuondoa flaiwili.

KWA NINI INAGANDA?

Wengi hudhani kinachoishika flaiwili ni nati ya juu peke yake. Si hivyo. Ncha ya kranki imechongwa ikisongoka, na tundu la flaiwili nalo limechongwa kwa umbo hilo hilo. Nati inapokazwa huishindilia flaiwili kwenye msongoko huo hadi chuma na chuma vinashikana.

Tazama shoka la kienyeji. Shina lake lililosongoka hupenya kwenye kichwa cha mpini, na kila unapokata kuni linazidi kujishindilia. Ukitaka kulitoa huvuti makali, bali unagonga mkia wa shina kutoka upande wa pili, nalo linaachia kwa mara moja. Flaiwili nayo ni hivyo. Ikishaachia hata kwa unene wa karatasi imekuwa huru, kwa sababu msongoko haushiki nusu nusu.

Kati ya kranki na flaiwili kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, ambacho mafundi hukiita kii. Kazi yake si kubeba nguvu ya injini, bali kuiweka flaiwili mahali pake ili cheche itoke kwa wakati. Kutu ikiingia kwenye msongoko, nati ikikazwa kupita kiasi, au injini ikikaa miaka bila kufunguliwa, mshikano unakuwa mkali sana. Kwenye maji ya chumvi hali huwa mbaya zaidi kuliko ziwani.

NAMNA YA KUIBANDUA

Fundi mzee aliyekuja kutusaidia baadaye alitufundisha kwa utaratibu. Alipoona vijana wanatafuta tena nondo, alinigeukia akasema, "Mratibu, flaiwili haishindwi kwa hasira. Inashindwa kwa kuvutwa katikati." Hatua zake ni hizi:

1. Ondoa waya za plagi na za betri kama ipo. Peleka tangi la petroli mbali. Kisha fungua kasha la kamba.

2. Ishike flaiwili isizunguke kwa mkanda au kishikio maalumu, ulegeze nati kwa spana ya soketi. Usizuie kwa kupenyeza bisibisi kwenye matundu ya flaiwili, kwani chini yake kuna koili.

3. Usiiondoe nati kabisa. Iache ilingane na ncha ya kranki. Inalinda meno ya kranki, na flaiwili ikiachia ghafla haitaruka ikamwumiza mtu.

4. Pakaa mafuta ya kulainisha kutu pale kranki inapokutana na flaiwili, kidogo tu, na uache usiku kucha.

5. Funga pula. Hiki ni kipande kinene cha chuma chenye bolti ndefu katikati, na bolti ndogo zinazoingia kwenye matundu yenye meno yaliyo karibu na kitovu cha flaiwili. Bolti ndogo ziingie kwa urefu ulio sawa ili pula ikae bapa, na zisipite kiasi cha kugusa koili.

6. Kaza bolti ya katikati. Inasukuma kranki chini huku bolti ndogo zikivuta flaiwili juu. Ikishakaza vizuri, gonga kichwa cha bolti hiyo mara moja kwa nyundo, kwa pigo fupi lisilo la nguvu nyingi. Isipoachia, kaza kidogo tena, kisha gonga tena. Ikiachia utasikia mlio mkavu.

7. Ikigoma, iache ikiwa imevutwa hadi kesho yake. Unaweza pia kufunga kitambaa kilicholowekwa maji ya moto sana kwenye kitovu. Chuma kikipata joto hutanuka, na tundu likitanuka kabla kranki haijapata joto, mshikano hulegea. Usitumie moto wa gesi. Karibu na petroli ni hatari kwa maisha, na joto kali hudhoofisha sumaku na gundi inayozishika.

MAMBO YA KUEPUKA

Pula ya makucha inayoshika ukingo wa nje isitumike. Ukingo ni mwembamba kuliko kitovu, kwa hiyo unapinda au kupasuka kabla msongoko haujaachia. Usigonge flaiwili yenyewe, kwa sababu sumaku hupasuka kama kigae. Wala usigonge ncha ya kranki moja kwa moja kwa nyundo kubwa. Kranki ikipinda au beringi zikiumia, gharama yake yaweza kukaribia ya injini nzima.

KABLA YA KURUDISHA

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kagua kii. Ikiwa imekatwa au imeminyika, weka mpya, maana cheche zitatoka kwa wakati usio wake na injini itapiga teke au kukosa nguvu. Angalia nyufa kwenye flaiwili. Tazama pia kama sumaku hazijanasa nati au vipande vya chuma.

Safisha msongoko wa kranki na tundu la flaiwili kwa kitambaa kikavu na spiriti, na usipake grisi wala oili. Wengi hupaka wakidhani wanarahisisha kazi ya siku nyingine. Kumbe msongoko ukiteleza, flaiwili hujizungusha na kukata kii, pengine boti ikiwa katikati ya ziwa. Mwisho, kaza nati kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha injini hiyo. Usikisie kwa nguvu za mkono.

OMBI LETU KWA KAMATI

Tunaomba kila usharika wenye boti uweke mambo matatu kwenye mpango wa mwaka: pula inayolingana na injini yenu, spana ya kipimo, na daftari la injini linaloonyesha tarehe ya kila ukaguzi na jina la aliyeufanya. Vifaa viandikishwe kwa mhazini kama mali nyingine, visiazimwe bila saini.

Kwa marafiki wanaotusaidia kwa michango, tunawashukuru kwa boti na injini mlizotupatia. Picha ya boti mpya ikikabidhiwa hupendeza, lakini pula haina picha ya kupendeza, na ndiyo maana huwa ya kwanza kufutwa kwenye bajeti. Tunawaomba msishangae mkiona mstari wa vifaa na matengenezo katika andiko lijalo. Mama aliyekaa ufukweni na mtoto mgongoni akisubiri kliniki hajui flaiwili ni nini. Yeye anajua tu kwamba wauguzi walisema watakuja Jumanne.

Pula yetu sasa imetundikwa ukutani, na nimeandika juu yake kwa rangi nyekundu: "Isitoke bila daftari." Mwaka jana tuliitumia mara mbili, na kila mara boti ilirudi majini siku iliyofuata.

Mratibu wa Miradi