Mgeni Asiyeandikwa

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa skuli yetu mtalii ni nani, atakuonyesha Mzungu mwenye kofia na kamera anayepita mtaa wa Gizenga. Jawabu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu.

Wataalamu wa hesabu hizi husema mtalii ni mtu aliyeondoka katika mazingira yake ya kawaida, akalala ugenini japo usiku mmoja, kwa muda usiotimia mwaka, na hakuja kuajiriwa huko. Kwa hivyo shangazi anayetoka Dar es Salaam kwa boti, akateremka Malindi na kulala siku tatu kwa nduguye Mwanakwerekwe, ni mtalii sawasawa na Mtaliana aliyeko Nungwi.

Tofauti ni kwamba Mtaliana huandikwa. Pasipoti yake hupigwa muhuri, na hesabu yake huingia katika vitabu vya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Ndiyo maana twajua kuwa wageni wa nchi za nje walipita 538,000 mwaka 2019, wakaanguka hata kiasi cha 260,000 mwaka 2020 korona ilipozuia safari, kisha wakapita 638,000 mwaka 2023. Shangazi je? Tikti ya boti haisemi kama msafiri ni mgeni, ni mfanyabiashara, au ni Mzanzibari anayerudi kwao. Wala hakulala hotelini, basi daftari la hoteli halimjui. Njia ya kumpata ni kupita majumbani na kuuliza nani alilala hapa na alitumia nini. Kazi ya kuchosha, na ya gharama.

Tuseme ana Sh. 60,000 za matembezi. Jioni huwapeleka watoto Forodhani wakala urojo na mishkaki. Kesho yake hupanda daladala kwenda Jozani kuwatazama kima punju. Akiondoka hununua halua. Muuza urojo naye hununua unga, viazi na ndimu Darajani, na muuza ndimu hulipa nauli ya kurudi shamba. Noti moja hupita mikono mitatu kabla ya usiku. Mgeni wa nje huleta nyingi zaidi, hapana ubishi. Lakini mara nyingi amekwisha lipia chumba na chakula kwao kabla ya kupanda ndege, na sehemu ya fedha hizo haifiki Unguja kabisa.

Tena tazama majira. Wageni wa nje hujaa Julai na Agosti, na mwisho wa mwaka. Masika, baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango, na vijana wetu wanaofanya kazi huko hurudi nyumbani kungoja Juni. Lakini Idd haifuati mvua. Idd el Fitri ya mwaka 2022 iliangukia mapema Mei, na ya 2023 na 2024 ziliangukia Aprili. Katika miezi hiyo hiyo mikavu ya mfuko, watu wetu wenyewe walivaa nguo mpya wakatoka kutembea.

Mtihani mkubwa wa mhesabu uko Makunduchi, Mwaka Kogwa, kila Julai. Watu wa mjini hujaza magari kwenda kutazama, na mila ya huko huona ni nuksi nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Mgeni hulishwa, halipi hata senti. Fedha zimetumika kweli, ila aliyezitoa mfukoni ni mwenyeji.