Dawa ya maumivu haifungui mirija ya uzazi

Ndugu mfanyakazi, bibi yako anaumwa tumbo la chini, nawe unamnunulia ibuprofeni au Buscopan sokoni Dilala? Angalia sana! Maumivu yanatulia, lakini vijidudu vya kisonono au klamidia vinabaki, vinaacha kovu na kuziba mirija ambamo yai hupita. Bwana anaweza kuwa navyo bila kuumwa hata kidogo. Tena ibuprofeni ikimezwa kila siku yaweza kuzuia yai kutoka; akiacha dawa, yai hutoka tena. Lakini kovu haliondoki kwa komprime. Nendeni wote wawili dispanseri, mpimwe, mpewe antibiotiki. Na bibi akikosa siku zake, kisha aumwe upande mmoja na kuona kizunguzungu, apelekwe hospitali hata usiku: huenda mimba imeshika ndani ya mrija.